Uzinduzi wa Theluji Katika Nchi Isiyo na Ila

Nchi ninayotaka kuwasimulia inaitwa Shwarini. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haimo, na akitokea mtu akasema amewahi kuishi humo, mwambieni amechanganya. Ni nchi nzuri sana. Ina bahari upande mmoja, ina mlima upande wa pili, na katikati ina serikali.

Mlima wenyewe unaitwa Kilemba, kwa sababu mababu zetu waliukuta umejifunga kilemba cheupe cha theluji mwaka mzima. Siku hizi kilemba kimebaki kitambaa, na miaka mingine hata kitambaa hakuna, upara mtupu unang'aa. Lakini kilemba kimo kwenye stempu na kimo kwenye wimbo wa taifa, kwa hiyo kisheria bado kipo.

Mimi nakodisha viti na maturubai. Harusi, misiba, mikutano ya hadhara, ukiniita nimefika. Siasa siijui na wala sitaki kuijua. Kazi ya mtu wa viti ni kuhakikisha kila mtu amekaa. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani ninamcheka kiongozi yeyote. Simcheki mtu mimi, nasimulia tu, tena kwa heshima.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Mshwarini akiulizwa habari, husema nzuri kwanza. Hata kama nyumba inawaka moto nyuma yake, atasema nzuri kwanza, ndipo aseme ila. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila babu katutoka alfajiri." Ndivyo tulivyolelewa. Kuanza na baya ni kukosa adabu, na kulificha ni uongo, basi neno ila likawekwa pale katikati watu wavukie.

Redio ya Taifa nayo ilifuata desturi hiyo hiyo. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, mtangazaji Bwana Chande, mwenye sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, alimuuliza mtaalamu mkuu wa hali ya hewa, "Habari za hewa, Bi Salha?" Naye Bi Salha alijibu, "Nzuri, ila kesho upepo utakuwa mkali." Au, "Nzuri, ila wenye nguo kambani wasichelewe kuanua." Taifa zima lilianza kusikiliza kwenye ila. Lile nzuri tulikuwa tunalitumia kuongezea sauti ya redio.

Huyo Bi Salha alikuwa mwanamke wa haja. Amesoma mpaka ng'ambo, tena hakuficha kwamba amesoma. Viatu vyake virefu vilisikika kabla yake, na manukato yake yalibaki chumbani hata akishaondoka. Akisema mvua, ilikuwa mvua.

*

Mambo yalianza kuharibika, samahani, yalianza kunoga, siku Mheshimiwa Dokta Mtumweni alipoteuliwa kuwa Waziri wa Anga, Mawingu na Mambo Yashukayo. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kimoja cha mbali ambacho, kwa bahati mbaya, kilifungwa baada tu ya kumtunuku. Jioni ya kwanza ya uwaziri wake alikaa sebuleni na wageni wake kusikiliza redio. Bi Salha akasema, "Nzuri, ila mawingu ni mazito."

Mheshimiwa akaweka kikombe chini. "Ila?" akauliza. "Serikali hii ina ila?"

Mnaelewa alikotokea. Kwa lugha yetu ila ni neno la kuungia maneno, na papo hapo ila ni kasoro, ni dosari, ni doa. Hakuna kizuri kisicho na ila, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kuwa mawaziri. Astaghafiru, neno limeniponyoka.

Kesho yake akawaita waandishi wa habari. Viti vilikuwa vyangu, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Ndugu wanahabari," alisema, "neno hili nimelifanyia utafiti wa kina. Lina herufi tatu, na zote tatu ni za uchochezi. Mawingu ni ya nani? Ya serikali. Jua ni la nani? La serikali. Mtu akisema hewa ina ila, amesema nini? Amesema Mtukufu Rais wa Majira Yote ana ila! Kuanzia leo, Shwarini ni nchi isiyo na ila!"

Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, maana mikono haikuwa na kazi nyingine.

Bi Salha hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Jioni ile alisema, "Nzuri, lakini," na asubuhi yake lakini likapigwa marufuku kwa kuwa ni mtoto wa ila. Akasema, "Nzuri tu." Lo! Nani asiyejua maana ya nzuri tu? Nchi nzima ikatoka na miavuli, na tu likapigwa marufuku. Akasema, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Hapo watu walifunga soko kabisa, wakapanda juu ya mapaa kuziba matundu, maana Mshwarini akifika mahali pa kumshukuru Mungu, jua hali imekuwa mbaya. Mheshimiwa hakuthubutu kupiga marufuku shukrani. Aliagiza tu kwamba kuanzia sasa Mungu atashukuriwa na wizara husika.

Bi Salha akajaribu methali. "Nzuri. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu." Wahenga wakaitwa kuhojiwa, hawakuonekana, ikatangazwa kwamba wametoroka. Mwisho akabaki na neno moja, nzuri, na kabla ya kulitamka akawa anashusha pumzi: "Hhh... nzuri." Basi akateuliwa Afisa Pumzi, kijana mmoja mrefu mwenye masikio makubwa, kazi yake kukaa studio karibu na mdomo wa Bi Salha na kuhakikisha neno linatoka kavu.

Tangu hapo mvua ikawa inatukuta njiani, nasi tukawa tunalowa kwa nidhamu.

*

Kipupwe kilipokaribia, Bi Salha aliitwa ofisini kwa Waziri kueleza Mtazamo wa Majira, faragha, kabla redio haijapewa lile neno lake moja. Mimi nilikuwa napanga viti vya mkutano uliofuata, na mtu anayepanga viti huwa haonekani.

"Mheshimiwa," alisema Bi Salha, "kipupwe hiki kina mambo mawili. La kwanza, mvua kubwa milimani, kubwa kuliko tulizozizoea, na Mto Mpole utashuka kwa nguvu. La pili, kileleni itaanguka theluji nzito."

Waziri akasimama. "Theluji? Kilemba kitarudi?"

"Kitarudi. Sasa, kuhusu mvua..."

"Achana na mvua! Mvua hata majirani wanayo. Theluji, Bi Salha!" Machozi yalimlengalenga, nami nilimwonea huruma, maana ilikuwa furaha ya kweli. "Imerudi katika uongozi wa nani?"

"Katika kipupwe, Mheshimiwa."

"Katika uongozi wangu, chini ya Mtukufu," alimsahihisha kwa upole. "Na itazinduliwa."

Habari zikasambaa serikalini, na ugomvi ukazuka. Waziri wa Ardhi alisema theluji ikishatua ni mali yake. Waziri wa Maji alisema ikiyeyuka ni yake, kwa hiyo hata ikiwa ngumu ni yake iliyochelewa. Dokta Mtumweni akawaambia kwamba ikiwa bado inaanguka ni yake, na yeye angeizindua ikiwa njiani. Wakamwachia.

Likabaki suala la mahali. Mtukufu hapandi milima. Itifaki inasema vitu ndivyo humshukia yeye. Ndipo mpiga picha wa Ikulu akashauri sherehe ifanyike kwenye mchanga wa Mto Mpole, chini ya Kilemba. Mto huo ulikauka zamani, watu wanaanika mihogo humo na watoto wanacheza mpira. Mchanga wake ni mweupe pe! Kwenye picha, alisema, mchanga utaonekana ndiyo theluji, na theluji yenyewe itaonekana kule nyuma kama shahidi.

Viti vikaagizwa kwangu. Na waimbaji wakateuliwa Kikundi cha Akina Mama Tumeitika, waliotakiwa kuvaa mashuka meupe, kulala katikati ya mchanga wakiwa theluji, kisha kuinuka pole pole wakiimba. Kiongozi wa kikundi hicho ni Mashavu, mke wangu.

*

Mashavu ni mwanamke mwenye mwili wake, na goti lake la kushoto halijaelewana na la kulia kwa miaka. Nilimkuta barazani akilikunja na kulikunjua shuka.

"Mama Shani," nikamwambia, "hiyo siku usiende."

"Nisiende? Mimi ndiye mwanzishaji, Baba Shani! Nisipoanza mimi ataanza nani? Bi Mgeni, na sauti yake ya bawaba?"

"Mto utashuka."

"Kasema nani?"

"Bi Salha. Nimemsikia mwenyewe, ofisini kwa Waziri."

"Na redioni kasemaje?"

"Kasema nzuri."

"Haya basi."

"Mama Shani, maji yakija utakimbia na goti hilo?"

Shuka likakunjwa, likakunjuliwa. "Tumetajwa kwa majina, kundi zima," akasema baadaye, sauti imeshuka. "Nikikosekana mimi wataulizwa wenzangu, halafu utaulizwa wewe. Afadhali nilale pale mchangani nikimwomba Mola." Alikuwa anaogopa, nami nilikuwa naogopa zaidi yake. Nilimwogopea mke wangu, na msiniulize mtu wa viti anaogopaje serikali ikishasema nzuri, maana sijui kujibu.

Kesho yake nikamfuata Bi Salha kwenye lango la redio. Afisa Pumzi alikuwa ubavuni kwake.

"Bi Salha, habari za kazi?"

"Nzuri."

"Bibi yangu, nakuja kwako na shida. Mke wangu ataimba pale mtoni, na goti lake bovu. Aende, asiende?"

Afisa akainamisha sikio. Bi Salha akasema, "Nzuri."

"Nakuomba, bibi."

"Ndugu yangu wa viti," akasema, "mambo ya hewa nimebakiwa na neno moja, na hilo moja nimelitumia mpaka limepauka." Akamgeukia Afisa. "Hayo si hali ya hewa, ni malalamiko binafsi."

"Yanaruhusiwa," akasema Afisa Pumzi.

"Mkeo kalelewa na nani?" akaniuliza.

"Na bibi yake mzaa mama."

"Ana adabu?"

"Mtaa mzima hakuna wa kumfikia."

"Akiambiwa neno la heshima, huitikia?"

"Huitikia hata akiwa anatafuna."

"Basi itatosha," akasema, akaingia ndani na viatu vyake, ko, ko, ko. Nilirudi nyumbani sijaelewa kitu.

*

Siku ya uzinduzi jua liliwaka, ungesema nalo limealikwa. Mchangani palipendeza. Kulikuwa na jukwaa lenye zulia jekundu, jiwe la uzinduzi limefunikwa kitambaa, bendi ya polisi, viti vyangu vyote, na katikati akina mama wamelala na mashuka yao, theluji iliyonona. Utepe ulikuwa mwekundu, kwa sababu wa kwanza ulikuwa mweupe na ulipotea mchangani wakati wa majaribio.

Kasoro moja tu: mlima haukuonekana. Kutoka shingoni kwenda juu ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi tititi, na mara moja moja wingu lilinguruma.

"Kilemba kinafungwa," Dokta Mtumweni alimweleza Mtukufu. "Si adabu kumchungulia mtu akifunga kilemba."

Mtukufu akaitikia kwa kichwa, akageuza uso kwa staha.

Kisha Waziri akapanda kuhutubia. "Mtukufu Rais wa Majira Yote," alisema, "leo historia inaandikwa kwa wino mweupe juu ya karatasi nyeupe! Wapo waliosema mlima wetu una upara. Wako wapi leo?" Hakuna aliyejibu, maana wengine tulijua waliko. "Tawala zilizopita ziliahidi maji, zikaahidi umeme. Ni utawala gani, nauliza, umewahi kuleta baridi?"

Bendi ikapiga. Wakati huo mimi nilikuwa natazama miguu ya viti. Mtu wa viti hutazama miguu. Mchanga uliokuwa mkavu tangu asubuhi ulikuwa umebadilika rangi, na miguu ya viti vya mstari wa mbele ilikuwa imeanza kuzama, taratibu, pamoja na mawaziri waliokuwa juu yake. Maji yalikuwa yanakuja kwa chini kabla ya kuja kwa juu. Nikaanza kwenda kwa Mashavu. Askari akanizuia kifuani.

"Wewe viti, rudi nyuma."

"Afande, mke wangu yuko pale."

"Pale hakuna mke wa mtu. Pale kuna theluji."

Nikamtafuta Mashavu kwa macho. Alikuwa amelala chali mstari wa mbele, amelifunika goti lake vizuri, midomo inamchezacheza. Sikujua kama anakariri wimbo au anasali.

"Na sasa," Waziri akanguruma kwenye kipaza sauti, "ili dunia ishuhudie, namwita mtaalamu wetu mkuu athibitishe mbele ya Mtukufu!" Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Bi Salha akapanda jukwaani, na Afisa Pumzi nyuma yake. Dokta Mtumweni akatabasamu mpaka magego. "Bi Salha, habari za hewa?"

Bi Salha akalitazama wingu. Akawatazama akina mama waliolala. Akakisogeza kipaza sauti.

"Nzuri," akasema, kavu kabisa, na Afisa Pumzi akatikisa kichwa kuridhika.

Lakini hakuondoka. Akateremsha mtandio begani, kama mtu anayeingia msibani, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni."

"Tushapoa!" tukaitikia.

Tuliitikia wote. Akina mama waliitikia wakiwa chali, bendi iliitikia, askari aliyenizuia aliitikia, Waziri aliitikia, na Mtukufu mwenyewe aliitikia, maana naye kazaliwa na mtu.

Wenzangu, pole haitolewi bure. Utapewa pole na kazi, pole na safari, pole na kufiwa, utapewa pole hata ukijikwaa. Anayepewa anajua ya nini. Sisi tulikuwa tumeshapewa, tumeshaitikia, tumeshapoa, na kila mmoja alikuwa anajipapasa kutafuta kilichompata.

Mashavu akainuka akakaa. "Jamani," akasema, "tumepewa pole ya nini?"

"Mimi sijafiwa," akasema Bi Mgeni.

"Wala mimi."

"Wala mimi."

"Basi ni ya kinachokuja!" Mashavu akalikusanya shuka kiunoni, akaachia ile sauti yake ya kuanzisha nyimbo. "Akina mama, juu!"

Sijawahi kuona theluji ikipanda. Siku ile niliiona, inakimbia kuelekea ukingoni na mashuka yanapepea, na nyuma yake watoto wa shule, bendi na ngoma zake, wajumbe na mabalozi.

"Rudini!" Waziri alipiga kelele. "Hali ya hewa ni nzuri! Pole hiyo haikuidhinishwa! Afisa, mkamate!"

Afisa Pumzi alikuwa anahesabu kwa vidole maneno yaliyokatazwa. "Mheshimiwa," akasema, "pole haimo." Naye akashika njia.

Askari wangu alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo nikamfikia Mashavu, nikamshika mkono. Tulikuwa nusu ya njia aliposimama ghafla na kugeuka. Jukwaani alibaki mtu mmoja, amekaa wima kwenye kiti changu chenye mikono.

"Na yule mzee wa watu?" akauliza. "Mmemwacha?"

"Ana walinzi."

"Wako wapi?"

Walinzi walikuwa juu ya ukingo, wanaulinda ukingo. Kuhusu Mtukufu, itifaki iko wazi: Mtukufu hakimbii, watu ndio hukimbia mbele yake. "Mgeni! Njooni mumbebe!" Mashavu akaita, na akina mama wanne wakarudi, wakaingiza mabega, wakainua kiti na aliyekuwamo.

"Mnanipeleka wapi?" akauliza Mtukufu.

"Juu, baba."

"Kwani pale nilipokuwa si juu?"

Wao wakapita. Sisi tukabaki nyuma, maana hapo ndipo goti la Mashavu lilipokataa. Akaanguka kwenye mchanga uliokuwa umeshakuwa uji, na huko juu nikasikia mngurumo usiokuwa wa wingu. "Niache, Baba Shani," akasema. "Nikuache niende wapi, mwanamke?" Nilikuwa nalia, siwafichi. Nikavuta, hakuinuka. Nikavuta tena, na mara mwili ukawa mwepesi, kumbe mkono wa pili ameushika Bi Salha, kavua viatu virefu kaviuma kwa meno, manukato yake yananinukia katikati ya harufu ya matope. Maji yalitufika magotini tukiwa tunaparamia ukingo. Mikono ya watu ikatupokea. Tulipogeuka, pale tulipokuwa tumesimama pamekuwa mto.

*

Mto Mpole ulipita kwa muda mrefu. Jukwaa lilikwenda na zulia lake likiwa limenyooka vile vile, kama linakwenda kumpokea mgeni baharini. Viti vyangu viliondoka kwa mistari, wageni maalumu mbele, na jiwe la uzinduzi halikuonekana tena. Mtu hakupotea hata mmoja. Tulihesabiana, tukahesabiana tena.

Dokta Mtumweni alikuwa amekaa kwenye majani, hana viatu, shati limetoka nje. Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, bibi kizee asiyesikia vizuri, na kwa kuwa hasikii huongea kwa kelele, tukawa tunamsikia wote.

"Mtumweni mwanangu! Redio imekatika! Habari za huko?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Habari, nimeuliza!"

Waziri akamtazama Mtukufu, aliyekuwa bado juu ya kiti changu. Akamtazama Afisa Pumzi, ambaye kwa mazoea alikuwa ameshasogeza sikio.

"Nzuri," akasema.

Hakuna aliyetikisika. Tulikuwa tunasubiri, na mama yake naye kule alikuwa anasubiri.

"Nzuri, mama... nzuri, ila..." na lilipotoka hilo yakatoka yote. "Ila gari limekwenda na maji, mama, na jukwaa limekwenda, na viatu vyangu, na tulikuwa tufe wote, na ningekuwa nimewaua mimi." Akalia kwa sauti, mtu mzima na udaktari wake.

"Pole, mwanangu," akasema bibi kizee.

"Nishapoa, mama."

Hatukumcheka. Bi Mgeni alivua shuka lake akamfunika mabegani, maana baridi ilikuwa imeanza. Na ndipo mtu mmoja akasema, tazameni. Wingu lilikuwa limeachia. Kilemba kilisimama juu yetu kimefungwa kweupe mpaka masikioni, kilemba cha haki, si cha ukoka, kinang'aa mpaka macho yanauma. Hakuna aliyekata utepe. Theluji ilikuwa imejizindua yenyewe.

Mtukufu aliitazama kwa muda. "Hiyo ndiyo theluji?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, baba," akasema Mashavu.

"Kumbe iko mbali."

*

Mnataka kujua ilikuwaje baadaye? Tume iliundwa, ikakaa kwenye viti vya mwenzangu mmoja, maana vyangu havipo. Ilithibitisha kwamba sherehe ilifana. Dokta Mtumweni aliomba kupumzika, akaenda kukaa kwa mama yake. Bi Salha alipewa nishani kwa kuokoa maisha ya Mtukufu, na papo hapo akapewa onyo kali kwa kutoa pole kabla ya wakati. Alivipokea vyote viwili kwa mikono miwili, akainama kidogo.

Sheria ya neno lile haijafutwa. Kuifuta kungekuwa kukiri kwamba ilikuwa na kile ilichokikataza, na Shwarini, kama nilivyosema, hatuna hicho. Kwa hiyo jioni redio husema vile vile. Juzi nilikuwa barazani na Mashavu, goti lake amelilaza juu ya kiti, kile kimoja nilichobakiwa nacho, chenye mikono.

"Habari za hewa, Bi Salha?" akauliza Bwana Chande kwa sauti yake ya mtungini.

"Nzuri."

Tukasubiri. Mtaa mzima ulisubiri, hata jirani aliyekuwa akitwanga aliushika mchi hewani.

"Poleni," akasema Bi Salha.

"Tushapoa," akaitikia Mashavu, akainuka kuanua nguo.